Robin Szolkowy: Damu ya Tanzania, barafu ya Ujerumani na swali kwa watoto wa Buhigwe

Na Mwandishi Wetu

UKITAMKA neno barafu mbele ya mtoto wa Manyovu, wilayani Buhigwe, mkoani Kigoma, yatamjia mawazoni mambo mawili. La kwanza ni mvua ya mawe, ile inayochana majani ya migomba na kumwacha mkulima akihesabu hasara. La pili ni juisi iliyogandishwa ndani ya kifuko, ambayo mtoto hununua kwa sarafu na kuifyonza njiani akirudi nyumbani kutoka shule.

Barafu ya aina ya tatu hajapata kuiona. Hiyo ni sakafu yenye urefu wa mita 60 na upana wa mita 30 hivi, iliyosawazishwa ikang'aa kama kioo, ambayo watu huteleza juu yake kwa viatu vyenye makali ya chuma huku muziki ukipigwa na majaji wakitoa alama.

Hata hivyo, mmoja wa wanaume waliopata mafanikio makubwa zaidi duniani katika mchezo huo ni mtu ambaye baba yake ni Mtanzania. Anaitwa Robin Szolkowy. Akiwa na mwenzake, Aljona Savchenko, alitwaa ubingwa wa dunia wa kuteleza kwa jozi, yaani mwanamume na mwanamke, mara tano: mwaka 2008, 2009, 2011, 2012 na 2014. Wawili hao walikuwa mabingwa wa Ulaya mara nne na wakapata medali ya shaba katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi mara mbili, Vancouver mwaka 2010 na Sochi mwaka 2014.

Ni Watanzania wachache wanaolifahamu jina hilo. Na wale wanaolisikia kwa mara ya kwanza huuliza swali lile lile la vijiweni: "Kumbe huyu ni wa kwetu?" Makala haya yanajaribu kuonyesha kwamba swali hilo, pamoja na utamu wake, si swali lenye manufaa. Swali lenye manufaa ni hili: kama mtoto huyo angezaliwa na kukulia Buhigwe, Kasulu au Kibondo, na kipaji chake kikawa katika mchezo wowote unaochezeka huko, nani angekiona, nani angekilea, na kwa miaka mingapi?

Mtoto wa Greifswald

Szolkowy alizaliwa Julai 14, 1979, katika mji wa Greifswald, karibu na pwani ya Bahari ya Baltiki. Ni mji mdogo wenye chuo kikuu kikongwe, kilichoanzishwa mwaka 1456. Wakati huo mji huo ulikuwa katika Ujerumani Mashariki, nchi ambayo leo haipo tena kwenye ramani. Mama yake ni Mjerumani, na baba yake ni daktari kutoka Tanzania.

Kwa msomaji aliyekulia enzi hizo, habari ya Mtanzania kuwa na mtoto Ujerumani Mashariki haishangazi. Zanzibar iliitambua nchi hiyo mara baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na maghorofa ya Michenzani yanasimama mpaka leo kama ushahidi wa urafiki huo. Upande wa Bara, Mwalimu Nyerere aligombana na Ujerumani Magharibi mwaka 1965 kwa sababu hiyo hiyo, akakataa kupangiwa marafiki kwa kishawishi cha misaada. Katika miaka iliyofuata, vijana wa Kitanzania walikwenda Ujerumani Mashariki kusomea udaktari, uhandisi, uandishi wa habari na fani nyinginezo.

Mtoto Robin alikulia katika nchi iliyokuwa na kasoro nyingi, lakini iliyokuwa na jambo moja ililolifanya kwa bidii ya ajabu: kutafuta vipaji vya michezo tangu utotoni. Watoto walipimwa, wakachaguliwa, wakapelekwa katika shule maalumu za michezo na kukabidhiwa kwa makocha walioajiriwa na kulipwa mishahara. Mji wa Chemnitz, uliokuwa ukiitwa Karl-Marx-Stadt hadi mwaka 1990, ulikuwa kituo kikuu cha kuteleza kwenye barafu. Hapo ndipo kocha Jutta Müller alipomlea Katarina Witt, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984 na 1988.

Ni lazima tuseme ukweli wote. Mfumo huo ulikuwa na upande wake wa giza: ulijaa wapelelezi, na katika baadhi ya michezo wanamichezo walipewa dawa za kuongeza nguvu. Hakuna mwenye akili timamu atakayependekeza tuuige mzima mzima. Ujerumani zilipoungana mwaka 1990, Szolkowy alikuwa mtoto wa miaka 11. Dola iliondoka, lakini kumbi za barafu, makocha na desturi ya kumlea mtoto kwa miaka mingi vilibaki. Ndani ya mabaki hayo ndimo alimopanda ngazi.

Mchezo usiosamehe

Inafaa kueleza kwa ufupi jinsi mchezo wenyewe ulivyo, maana wengi huutazama kwenye televisheni wakaudhania ni dansi tu. Katika kuteleza kwa jozi, mwanamume humnyanyua mwenzake juu ya kichwa huku miguu yake ikiwa bado inateleza kwa kasi. Humrusha hewani, mwanamke akajizungusha mara tatu, kisha humdaka kabla hajagusa barafu. Wakati mwingine humrusha mbali, naye akatakiwa kutua mwenyewe, kwa mguu mmoja, kinyumenyume, juu ya ukingo wa chuma mwembamba. Wote wawili huruka na kuzunguka kwa wakati mmoja, na mmoja akichelewa kwa nukta moja tu, majaji wanaona.

Mashindano huwa na sehemu mbili, programu fupi na programu ndefu, na alama zake hujumlishwa. Katika zama za Szolkowy, programu ndefu ilichukua takribani dakika nne na nusu. Kwa maneno mengine, kazi ya mwaka mzima hupimwa kwa dakika zisizozidi nane.

Tofauti hizo za alama zinaweza kuwa ndogo kiasi cha kutisha. Katika Mashindano ya Dunia ya mwaka 2012 mjini Nice, Ufaransa, Savchenko na Szolkowy walipata alama 201.49. Warusi Tatiana Volosozhar na Maxim Trankov walipata 201.38. Ubingwa wa dunia uliamuliwa kwa alama 0.11.

Mwenza ni nusu ya kazi

Mchezaji wa jozi hana kazi yake peke yake. Szolkowy alikuwa na mwenza mwingine kabla ya Savchenko, na alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa taifa la Ujerumani. Hata hivyo, ubingwa wa taifa ni jambo moja na kusimama mbele ya dunia ni jambo jingine.

Aljona Savchenko alizaliwa Ukraine mwaka 1984. Alikuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2000 akiwa na Stanislav Morozov, na mwaka 2002 wakashiriki Olimpiki ya Salt Lake City. Baadaye akabaki bila mwenza. Mwaka 2003 alihamia Chemnitz na kuanza kuteleza na Szolkowy. Yeye alikuwa na umri wa miaka 19, mwanamume miaka 24.

Tuitazame jozi hiyo kwa makini. Mmoja ni mhamiaji kutoka Ukraine aliyefika bila kuijua vizuri lugha ya wenyeji. Mwingine ni mzaliwa wa Ujerumani, lakini ngozi yake ilimfanya aonekane mgeni kila alipoingia katika ukumbi wa mchezo huo, mchezo ambao hadi leo watu weusi ndani yake ni wa kuhesabu kwa vidole. Hao ndio walioibebea Ujerumani bendera kwa zaidi ya muongo mmoja.

Ilibidi vilevile waisubiri karatasi. Sheria za Olimpiki zinataka wanamichezo wote wawili wawe raia wa nchi wanayoiwakilisha. Savchenko alipata uraia wa Ujerumani mwishoni mwa Desemba 2005, wiki chache kabla ya Olimpiki ya Torino. Walikwenda, wakashika nafasi ya sita.

Kwa watu wa Buhigwe, wilaya inayopakana na Burundi, habari ya karatasi za uraia si ngeni hata kidogo. Kuna familia ambazo mjomba yuko upande huu na shangazi yuko upande ule. Jirani yao, Kasulu, ina kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996, na watu wa mkoa huo wanajua jinsi karatasi inavyoweza kufungua au kufunga mlango wa maisha ya kijana. Kwa Szolkowy mlango huo ulikuwa wazi upande wa mama. Upande wa baba, sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na Tanzania haijawahi kupeleka mwanamichezo yeyote katika Olimpiki ya majira ya baridi. Hata kama angetaka kuvaa rangi zetu, angelazimika kwanza kuacha yote yaliyomfanya awe bingwa.

Kocha na fedha

Nguzo nyingine ya maisha ya jozi hiyo ilikuwa kocha wao, Ingo Steuer, ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1997 akiwa na Mandy Wötzel. Mapema mwaka 2006, siku chache kabla ya Olimpiki, ilidhihirika kwamba enzi za Ujerumani Mashariki Steuer alikuwa mtoa taarifa wa idara ya usalama, Stasi. Kamati ya Olimpiki ya Ujerumani ilitaka kumwengua katika msafara. Alikwenda mahakamani, akashinda, akasafiri.

Mzozo haukuishia hapo. Serikali ilikataa kugharimia kazi ya kocha huyo. Wachezaji walitakiwa kuchagua: wamwache kocha na wapate fedha, au wabaki naye na wajitafutie. Walibaki naye. Kwa miaka iliyofuata, mabingwa wa dunia walilazimika kutegemea wafadhili na malipo ya maonyesho ili kumlipa kocha wao.

Mwandishi wa makala haya hasemi kama walichagua vema au vibaya. Waliopelelezwa na Stasi wana haki ya kuhoji, na Wajerumani wenyewe wamelibishania jambo hilo kwa muda mrefu. Kinachotuhusu sisi ni uzito wa kocha katika mizani ya wachezaji. Watu wawili waliokuwa kileleni waliona kwamba kumbadilisha mtu aliyewajua kwa kila mshipa kungewagharimu zaidi kuliko kukosa fedha za umma. Mtaala mzuri na jengo zuri haviwezi kuziba pengo la mtu anayekaa na mwanafunzi mwaka baada ya mwaka.

Hesabu ya miaka

Matunda hayakuja upesi. Walianza pamoja mwaka 2003. Medali ya kwanza ya dunia, shaba, waliipata Tokyo mwaka 2007. Dhahabu ya kwanza ikaja Göteborg, Sweden, mwaka 2008. Hiyo ni miaka mitano ya kazi ya kila siku, kwa watu ambao kila mmoja alikuwa tayari bingwa wa daraja fulani kabla ya kukutana.

Hata baada ya hapo walianguka. Vancouver mwaka 2010 walikuwa wa pili baada ya programu fupi, alama 0.70 tu nyuma ya Wachina Shen Xue na Zhao Hongbo. Katika programu ndefu, waliyoiteleza kwa muziki wa filamu ya "Out of Africa", wakapitwa na jozi nyingine ya China na kumaliza wa tatu. Sochi mwaka 2014 kisa kilijirudia: wa pili baada ya programu fupi, kisha makosa katika programu ndefu, na shaba tena. Mwezi uliofuata walikwenda Saitama, Japan, wakatwaa ubingwa wa dunia wa tano, na Szolkowy akastaafu akiwa na miaka 34.

Dhahabu ya Olimpiki hakuipata. Savchenko aliendelea, akapata mwenza mwingine, Bruno Massot, na mwaka 2018 huko PyeongChang akaitwaa akiwa na miaka 34. Szolkowy aligeukia ukocha na kufanya kazi na jozi za Urusi, wakiwamo Evgenia Tarasova na Vladimir Morozov, mabingwa wa Ulaya wa mwaka 2017 na 2018. Aliyelelewa akawa mlezi. Hapo ndipo mfumo unapojizaa wenyewe.

Turudi Buhigwe

Sasa tumweke mtoto wetu mahali pa Robin. Hatudai ukumbi wa barafu. Nairobi ilipata mmoja katika hoteli ya Panari katikati ya miaka ya 2000, na ni ghali kuuendesha. Kigoma haina sababu ya kushindana katika hilo. Kenya ilimpeleka Philip Boit katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 kuteleza kwenye theluji. Alimaliza wa mwisho, dunia ikampenda, lakini hakuna aliyedai kwamba hapo ndipo penye utajiri wa Kenya. Utajiri wao uko kwenye mbio, ambazo wamezijengea makambi, makocha na desturi.

Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, inajulikana kwa kahawa, migomba na maharage. Vilima vya Manyovu viko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Si Iten ya Kenya, ambayo iko juu zaidi, lakini ni mahali ambapo mtoto hupanda na kushuka mlima kwa miguu tangu anapojua kutembea. Mkoa wenyewe si mgeni katika michezo. Kipa Juma Kaseja, aliyelinda lango la Simba na la timu ya taifa, ni mzaliwa wa Kigoma.

Tena Buhigwe ina mfano unaoonyesha ngazi inavyofanya kazi. Dk. Philip Mpango, mwenyeji wa wilaya hiyo, alikuwa Makamu wa Rais wa Tanzania kuanzia mwaka 2021 hadi 2025. Alifikaje huko? Kwa ngazi ya elimu: shule ya msingi, sekondari, chuo kikuu, shahada ya uzamivu, utumishi. Ngazi hiyo ina mapengo, lakini ipo. Mtoto anayefaulu darasa moja anajua darasa linalofuata liko wapi, na mwalimu wake anajua amwelekeze wapi.

Mtoto mwenye kipaji cha miguu anayo Umitashumta akiwa shule ya msingi na Umisseta akiwa sekondari. Ni mashindano mazuri na yanastahili kuenziwa. Lakini mashindano hupima kipaji, hayakikuzi. Mtoto hukimbia, hushinda, hupigiwa makofi, kisha michezo inafungwa na anarudi nyumbani kulima. Ni nani aliyeandika muda wake kwenye daftari? Ni nani atakayempima tena baada ya miezi sita? Akimaliza shule, anakwenda wapi?

Wapo watakaosema kwamba wilaya yenye upungufu wa madawati na dawa haina nafasi ya kuwaza michezo. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kubezwa na mtu aliyekaa mjini. Hata hivyo, tazama kilichotokea Tokyo Septemba 2025. Alphonce Simbu, mtoto wa mkulima kutoka Singida, alishinda mbio za marathoni za dunia na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Alikuwa amepata shaba London mwaka 2017. Kati ya medali hizo mbili ipo miaka minane. Na aliyemfuata, wakapewa muda mmoja wa saa 2:09:48 na kutenganishwa kwa picha ya kamera, alikuwa Amanal Petros wa Ujerumani, mzaliwa wa Eritrea aliyekimbilia huko akiwa kijana. Ujerumani ile ile iliyomlea Szolkowy na kumpokea Savchenko ilikuwa imemlea mkimbizi hadi akakaribia kumshinda Mtanzania.

Medali zetu za Olimpiki ni mbili tu, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, zote fedha, zote Moscow mwaka 1980. Ni zaidi ya miaka 40. Hatuwezi kusema katika miaka yote hiyo hakuzaliwa mtoto mwingine mwenye mapafu kama ya Bayi. Walizaliwa. Waliishia njiani.

Kipi kifanyike

Masomo ya maisha ya Szolkowy yanayoweza kupandwa Buhigwe hayahitaji umeme wa kugandisha maji. La kwanza ni kumbukumbu: kila mtoto anayefika ngazi ya wilaya katika Umitashumta aandikwe, muda wake na umbali wake viandikwe, na daftari hilo lifuatwe mwaka unaofuata. La pili ni mwalimu: halmashauri imsomeshe mwalimu mmoja au wawili katika Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, mkoani Mwanza, na wakirudi wasihamishwe hovyo. Savchenko na Szolkowy walikuwa radhi kukosa fedha kuliko kumpoteza kocha. Sisi humpoteza kwa barua moja ya uhamisho.

La tatu ni bweni: shule moja tu ya sekondari, yenye kiwanja kinachopitika na chakula cha kutosha, ambako watoto wenye vipaji watasoma na kufanya mazoezi bila kuchaguzwa kati ya kitabu na kiatu. La nne ni fungu: fedha hizo ziandikwe katika bajeti ya halmashauri kwa jina lake, zisitegemee huruma ya mfadhili anayekuja kugawa jezi kabla ya uchaguzi. Na la tano, lililo gumu kuliko yote, ni subira. Jozi ya Chemnitz ilihitaji miaka mitano kufika kileleni, na ilianza na watu waliokwisha iva. Anayeanza leo na mtoto wa darasa la nne asitarajie cha kuonyesha kabla ya miaka kumi.

Robin Szolkowy ana damu ya Tanzania, na hakuna ubaya kujivunia hilo. Lakini kilichompeleka jukwaani mara tano hakikuwa damu peke yake. Kilikuwa ni mtu aliyemfunga kamba za viatu akiwa mdogo, mwenza aliyevuka mipaka kumfikia, kocha asiyebanduka, na miaka mingi ambayo hakuna kamera iliyokuwa ikimulika. Hivyo vyote alivikuta Ujerumani.

Mtoto wa Manyovu anayeshuka mlima asubuhi hii kwenda shule ana damu hiyo hiyo. Hivyo vingine bado anavisubiri.